Maabara haimjui ng'ombe

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni utafiti wa vinasaba vya mifugo, hunichora kichwani nikiwa na koti jeupe na jicho kwenye darubini. Koti ninalo. Darubini naweza kumaliza mwaka sijaigusa. Vitu ambavyo mikono yangu imevishika zaidi tangu nianze kazi hii ni pipeti, kibodi ya kompyuta na mkia wa ng'ombe, na kati ya hivyo vitatu, mkia ndio ulionifundisha mengi.

Damu ya ng'ombe kwa kazi yetu huchukuliwa shingoni au kwenye mshipa ulio chini ya mkia. Mnyama huingizwa kwenye njia nyembamba ya mbao ambamo hawezi kugeuka. Mmoja anauinua mkia wima, mwingine anapapasa kwa kidole mpaka aone bonde kati ya pingili mbili za mfupa, ndipo anapoingiza sindano. Mkia ukiinuliwa kwa upande, damu haiji. Ukisitasita, ng'ombe anaanza kurusha miguu na wote walio nyuma yake wanataharuki. Damu ikija, inaingia kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau chenye EDTA, dawa ya kuizuia isigande, kisha kichupa kinapinduliwa polepole bila kutikiswa. Kipo kichupa kingine cha kifuniko cha kijani chenye heparini. Nacho huzuia damu isigande, lakini heparini hukwamisha kimeng'enya, yaani protini tunayoitumia maabara kunakili DNA, na sampuli nzuri kabisa inafika maabara ikiwa haina kazi. Tofauti ya rangi ya kifuniko inaweza kukugharimu safari nzima.

Kuku hana shida hiyo kubwa. Chembe nyekundu za damu za wanyama wanyonyeshao hazina kiini, kwa hiyo DNA ya ng'ombe tunaipata kwenye chembe nyeupe, ambazo ni chache. Kwa ndege, kila chembe nyekundu ina kiini chake na DNA yake. Tone moja likikaushwa kwenye karatasi maalumu latosha. Mwanafunzi akimpimia kuku kiasi kilekile cha damu alichozoea kumpimia ng'ombe, kichupa hujaa ute mzito usiovutika kwa pipeti. Huwa napenda kuwaacha wauone ute huo kwa macho yao, maana DNA watakayoishi nayo miaka mingi kama herufi kwenye kompyuta, pale ni kitu cha kushikika.

Lakini damu, ikiwa kwenye kichupa, haisemi chochote kumhusu mnyama. Hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa sawasawa, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa. Tunaweza leo kusoma vinasaba vyote vya ng'ombe, herufi zipatazo bilioni 2.7, na bado tusijue kama alikuwa anatoa maziwa, kama aliwahi kuugua, kama ndama wake walipona. Hayo anayajua aliyekaa naye.

Siku moja nilikuwa najaza fomu pembeni ya zizi, naandika mbari ya kila ng'ombe kwa kumtazama: nundu, pembe, rangi. Mzee mwenye mifugo alisimama nyuma yangu kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyo umemwandika nani?" Nikamsomea. Akatikisa kichwa. "Huyo umbo ni la hapa, lakini bibi yake alikuja akiwa mtamba, tulimnunua mbali, alikuwa mwekundu hana nundu. Na huyu mweupe na yule wa pembe moja ni wa mama mmoja, baba mbalimbali." Aliendelea hivyo mnyama kwa mnyama, vizazi vitatu nyuma, bila daftari. Nilikaa chini nikaandika upya. Baadaye tulipopima, undugu wa wanyama wale ulilingana na maneno yake kuliko ulivyolingana na fomu yoyote ya kutazama kwa macho. Tangu hapo fomu zangu zina nafasi kubwa ya maelezo ya mwenye mnyama, na namwandika jina lake kwenye orodha ya waliochangia kazi, akikubali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wa maabara tunapita tu kwenye zizi.

Nilipoingia kwenye fani hii, kila mtu alikuwa anawinda jeni moja. Kulikuwa na sababu ya matumaini hayo. Mwaka 1991 ilipatikana badiliko la herufi moja kwenye jeni RYR1 la nguruwe, ambalo huwafanya wafe kwa mshtuko wakati wa kusafirishwa na nyama yao kuwa nyeupe, laini na yenye majimaji. Kabla ya hapo nguruwe walipimwa kwa kuvutishwa gesi ya halothani ili waonekane nani anakakamaa. Baada ya hapo, damu kidogo ilitosha. Mwaka 1997 ikajulikana kwamba ng'ombe wa Belgian Blue, wale wenye misuli iliyofura nyuma kama wamechongwa, wamepoteza herufi 11 kwenye jeni la miostatini, protini inayozuia misuli isikue kupita kiasi. Mwaka 2002 likafuata jeni DGAT1, ambalo badiliko lake huongeza mafuta kwenye maziwa huku likipunguza wingi wa maziwa yenyewe. Ukisoma habari hizo ukiwa kijana, unaamini kila sifa ina jeni lake limejificha mahali, linakungoja wewe.

Sivyo. Sifa nyingi zinazomhangaisha mfugaji, kama wingi wa maziwa, kushika mimba, kustahimili joto na uzito, zinabebwa na mamia au maelfu ya sehemu za vinasaba, kila moja ikisukuma kidogo sana. Tafiti nyingi za miaka ile zilichukua jeni moja, wanyama wachache, na kutangaza uhusiano ambao haukuonekana tena mtu mwingine alipourudia. Nimeshiriki mikutano ambamo jeni lilelile lilisifiwa kwa maziwa na kundi moja, kwa uzito na kundi jingine, na la tatu halikuona lolote. Vijana wanaoniuliza waanze na nini nawaambia waanze na takwimu. Kutoa DNA unaweza kufundishwa kwa wiki. Kujua idadi ya wanyama inayotosha kukupa haki ya kusema jambo, hilo linahitaji miaka na mtu wa kukukatalia.

Mbinu ambayo wengi wetu tuliishi nayo ni PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara mamilioni, aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983 na kumpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1993. Inategemea kimeng'enya cha bakteria waishio kwenye chemchemi za maji moto, ambacho hakiharibiki mchanganyiko unapopashwa hadi nyuzi 95. Mashine inapanda, inashuka, inapanda tena, kwa saa mbili au tatu, na kisha unamimina kila sampuli kwenye kitundu chake kwenye jeli, unapitisha umeme, unazima taa na kutazama chini ya mwanga wa urujuanimno. Mistari inang'aa. Kila mtu hukimbilia kuitazama mistari ya wanyama wake. Mimi nimejizoeza kutazama kwanza kitundu cha mwisho, kile kilichowekewa maji tu pamoja na kemikali zote. Pale panatakiwa kuwa peusi. Pakiwa na mstari, hata hafifu, maana yake kuna DNA imeingia mahali isipotakiwa, na mistari yote mingine mizuri kwenye jeli ile haina thamani. Unatupa kila kitu, unabadilisha maji, unasafisha meza, unaanza upya. Mwanafunzi anayeweza kufanya hivyo jioni ya Ijumaa bila kuambiwa, huyo nampa kazi yoyote.

Kuzoea kutazama palipo patupu kulinisaidia kuelewa utafiti ambao mpaka leo nauhesabu kati ya bora kabisa katika fani yetu. Fahali wa Holstein, mbari ya ng'ombe wa maziwa, aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief alizaliwa Marekani mwaka 1962. Mabinti zake walitoa maziwa mengi mno, na kwa kuwa kwa uhimilishaji mbegu ya fahali mmoja inaweza kupandikizwa kwa maelfu ya ng'ombe, alitumika kila mahali. Alipata mabinti wapatao 16,000, wajukuu wa kike wapatao 500,000 na vitukuu zaidi ya milioni 2. Inakadiriwa kwamba asilimia 14 hivi ya vinasaba vya Holstein vimetoka kwake. Asichokijua mtu yeyote wakati huo ni kwamba nakala moja ya jeni lake liitwalo APAF1 ilikuwa na badiliko linaloikatisha protini yake katikati.

Ng'ombe mwenye nakala moja mbovu ni mzima. Tatizo ni pale fahali na jike, wote wazao wa Chief, wanapokutana, na mimba ikapokea nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Kijusi hufa tumboni. Mfugaji haoni ugonjwa wowote; anaona tu ng'ombe aliyehimilishwa anataka dume tena, au mimba imetoka. Analaumu mbegu, analaumu mhimilishaji, analaumu lishe. Kwa miongo kadhaa hasara ile haikuwa na jina.

Mwaka 2011, Paul VanRaden na wenzake wa Idara ya Kilimo ya Marekani walitazama vipimo vya vinasaba vya ng'ombe wengi waliokuwa hai na kuuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa kwa namna hiyo: nani hayupo? Kuna kipande cha kromosomu ya 5 ambacho wengi walikuwa na nakala yake moja. Kwa hesabu ya kawaida ya urithi, lazima wangeonekana baadhi wenye nakala mbili. Hakuonekana hata mmoja. Wakarudi kwenye kumbukumbu za kushika mimba, wakakuta kwamba pale mbegu ya fahali mbebaji wa kipande hicho ilipotumiwa kwa jike wa ukoo wa mbebaji, mimba zilikuwa chache kuliko kawaida. Kazi iliyochapishwa mwaka 2016 ililithibitisha jeni lenyewe na kukadiria kwamba badiliko lile lilisababisha mimba zaidi ya 500,000 kupotea duniani, hasara ya dola milioni 420 hivi. Na bado, kwa maziwa aliyoyaongeza, Chief aliwafaidisha wafugaji kuliko alivyowatia hasara. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakimwita fahali mbaya. Kila kiumbe hubeba nakala mbovu chache. Chief alikuwa wa kawaida. Kilichokuwa si cha kawaida ni idadi ya wazao wake.

Kila ninapofundisha habari hii nasisitiza kitu kimoja ambacho wanafunzi hukipita haraka. Mashine ilionyesha pengo, lakini uthibitisho ulitoka kwa wafugaji ambao kwa miaka mingi waliandika tarehe ng'ombe alipohimilishwa na kama alishika mimba au la. Bila daftari hizo, pengo lingebaki kuwa fumbo la takwimu.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu mkubwa wa kazi. Mwaka 2001 Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard walionyesha kwa hesabu kwamba badala ya kuwinda jeni mojamoja, unaweza kutumia maelfu ya alama, yaani sehemu ambapo herufi hutofautiana kati ya mnyama na mnyama, zilizotapakaa kwenye vinasaba vyote kwa pamoja na kukadiria ubora wa mnyama angali ndama. Hapakuwa na chombo cha kupima alama nyingi hivyo kwa bei inayowezekana. Mwaka 2009 vinasaba vya ng'ombe vilichapishwa, vikitokana na jike wa Hereford, mbari ya ng'ombe wa nyama, aitwaye L1 Dominette 01449, kazi ya wanasayansi zaidi ya 300 kutoka nchi 25, na wakati huohuo vikapatikana vibamba vya kupimia alama zaidi ya 50,000 kwa mara moja. Zamani fahali wa maziwa alingojwa mpaka mabinti zake wakue, wazae na wakamuliwe ndipo ijulikane kama anafaa. Kwa Holstein wa Marekani, umri wa madume wanaozalisha kizazi kinachofuata cha madume ulishuka kutoka miaka 7 hivi hadi chini ya miaka 2.5.

Huu ni ushindi wa kweli na naufurahia. Ila hesabu ile haifanyi kazi hewani. Inahitaji kundi la wanyama waliopimwa vinasaba na pia kuandikwa maziwa yao, mimba zao, magonjwa yao. Holstein wanalo kundi hilo. Ng'ombe wengi wenye nundu, mbuzi, kondoo na ngamia wa wafugaji wa kawaida hawana. Huwezi kuchukua hesabu ya Holstein ukamwekea Boran, ng'ombe wa nundu wa Afrika Mashariki, kwa sababu alama zilizo karibu na jeni kwa huyu haziko karibu nalo kwa yule, na vibamba vya kwanza vyenyewe vilijaa alama zilizochaguliwa kwa ng'ombe wa Ulaya. Kwa hiyo mnyama aliyeandikwa sana anaendelea kuboreshwa, na asiyeandikwa anabaki nyuma, kisha watu husema hana kitu.

Anacho. Ng'ombe wa N'Dama wa Afrika Magharibi huishi na kuzalisha penye mbung'o, mahali ambapo mbari nyingi hudhoofika kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, mpaka zife. Ng'ombe wa Senepol wa visiwa vya Karibi wana badiliko kwenye jeni la kipokezi cha homoni ya prolaktini, lililoelezwa mwaka 2014, linalowapa manyoya mafupi ya kuteleza na kuwawezesha kuvumilia joto. Na mwaka 2022 ilichapishwa kazi juu ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kimelea Theileria parva kupitia kupe na unaoua ndama wengi Afrika Mashariki. Watafiti waliona kwamba wazao wa fahali mmoja wa Boran walikuwa wakipona ugonjwa huo pale ambapo wengine walikufa. Wakafuata ukoo ule, na vinasaba vikawaelekeza kwenye badiliko la jeni FAF1B. Tazama mpangilio wake: kwanza mtu aligundua kwamba ndama hawa ni wa baba mmoja na hawafi. Hilo halikuhitaji mashine. Lilihitaji mtu anayewajua ndama na baba yao.

Nimeona mara nyingi miradi ya miaka mitatu ikitolewa kwa wanyama ambao maisha yao hayawezi kuingia kwenye miaka mitatu. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa. Mtamba anayelishwa malisho ya kawaida anaweza kufika miaka mitatu au minne ndipo azae mara ya kwanza, na maziwa yake yapimwe kwa miezi mingine. Mradi unaanza, vijana wanafunzwa kupima, mizani zinanunuliwa, ndama wanavishwa herini za namba masikioni. Mradi unaisha mtamba akiwa na mimba. Wapimaji wanaachishwa kazi, mizani zinafungiwa stoo, na damu ya wanyama wale inabaki kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, safi kabisa, isiyo na maelezo ya kuifaa. Wafadhili hupenda kununua mashine kwa sababu mashine hupigwa picha. Kumlipa kijana aende zizini kila asubuhi kwa miaka sita na daftari na mizani hakupendezi kwenye ripoti, na hicho ndicho kitu adimu kuliko vyote katika sayansi yetu.

Siku hizi naulizwa sana kuhusu kuhariri jeni, yaani kubadilisha herufi za DNA kwa makusudi. Ninaiamini mbinu hiyo mahali pake. Badiliko lile la manyoya mafupi limekwisha kuingizwa kwa ng'ombe wa nyama, na mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba hatari yake ni ndogo. Lakini unachohariri lazima kwanza kiwe kimeonekana mahali, kwa mnyama halisi aliyestahimili kitu ambacho wenzake walishindwa. Kila mbari inayopotea kwa kuchanganywa ovyo inaondoka na majibu ambayo hatukuwahi kuyauliza. Ningependa vijana wanaovutiwa na uhariri waanze kwa kulala karibu na zizi.

Kuna jambo jingine nililojifunza kwa wafugaji wenyewe. Tulipeleka majibu ya vipimo kwa jamii moja iliyotupa damu ya wanyama wao, karatasi zenye michoro ya rangi tulizozionea fahari. Mama mmoja alizitazama, akaniuliza, "Sasa daktari, katika hawa, nani nisimuuze?" Lilikuwa ndilo swali pekee lililohitaji jibu pale. Tulikaa naye, tukachukua madaftari yake na michoro yetu, tukamwonyesha majike ambao wazao wao walikuwa wakipona na kuzaa kwa wakati, na dume ambaye alikuwa ndugu wa karibu mno wa nusu ya kundi. Dume alibadilishana na jirani. Majike aliwabakiza.

Sasa nikiandika ombi la mradi, nauanza kwa bajeti ya wapimaji, mtu kwa mtu, kwa muda unaomtosha mtamba kuzaa mara mbili. Mashine naiweka mwisho, na mara nyingi naandika tu kwamba sampuli zitapelekwa kwa wenzetu walio nayo. Maombi mengine yamekataliwa kwa sababu hiyo, wakaguzi wakisema hayana jambo jipya. Lililokubaliwa bado linaendelea: ndama wa kwanza kuandikwa wamekwisha kuwa mama, na kijana aliyewapima walipozaliwa ndiye anayewapimia maziwa.